Mwanamke wa Picha ya Ishirini na Tatu

Kuanzia Nyamuswa mpaka Murangi, mzazi aliyetaka harusi ya heshima alimtafuta Gaudensia wa Butiama. Wapishi walikuwa tele, washereheshaji ndio usiseme, lakini mtu wa kumfunda bibi harusi akalia kilio cha kueleweka alikuwa huyo mmoja, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wote.

Kwao bibi harusi hacheki. Huinamisha kichwa, hutazama vidole vya miguu yake, na machozi yakimtoka ndiyo sifa yenyewe, kwa sababu binti anayekenua meno siku ya kuondoka kwao huwatangazia watu kwamba nyumba ya baba yake ilikuwa na njaa. Wapo wafundaji waliotumia kitunguu ndani ya leso. Gaudensia aliwaona hao ni matapeli. Yeye alikaa chumbani na binti siku mbili, akamfunda, kisha siku yenyewe akasimama ubavuni pake, vidole viwili tayari. Kicheko kikimpanda binti, vidole vile vilimfinya kwa ndani ya mkono, karibu na kwapa, na kicheko kikarudi kilikotoka. Wanaume hawakuambiwa habari hizo. Wao walijua tu kwamba mabibi harusi hulia, kama walivyojua kwamba mvua hunyesha.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa Happyness, binti wa kaka yake Clementi wa kule Murangi. Huyo mtoto alikuja duniani akicheka. Alicheka kanisani, alicheka darasani, na kwenye msiba wa babu yake alitolewa nje kwa sababu mbuzi alikuwa amekula kofia ya mwinjilisti. Sasa alikuwa anaolewa na Eliud, kijana wa kijijini hapo hapo aliyeanza na kufuga sato kwenye vizimba ziwani, akaenda Norwei kusomea samaki, akapata kazi huko huko. Walipendana tangu kidato cha pili. Kumzuia Happyness asicheke siku ya kuolewa na Eliud kulikuwa kama kushikilia mfuniko wa sufuria ya maharage, lakini Gaudensia aliushikilia kuanzia asubuhi mpaka keki ilipokatwa. Picha mia mbili na arobaini, na jino halikuonekana hata moja. Kusema kweli zilikuwa mia mbili hamsini na tisa, ila zile kumi na tisa Gaudensia alikwenda mwenyewe kwa mpiga picha akahakikisha zimefutwa. Wakwe walisema hawajapata kuona binti aliyelelewa vizuri namna hiyo.

Eliud alikaa na mke wake wiki tatu, akarudi kazini. Happyness akabaki Musoma kwenye duka la dawa alikoajiriwa, wakaanza kushughulikia viza ya mke kumfuata mumewe. Fomu zilijazwa, cheti cha ndoa kikatafsiriwa, na ilipofika zamu ya picha za harusi, Gaudensia hakukubali mtu mwingine aziguse. Alichagua thelathini na nane, zile zenye majonzi ya hali ya juu. Alitaka hao Wanorwei waone kwamba wanaletewa mtoto wa watu.

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi pikipiki ikasimama uani Butiama, Happyness akashuka na karatasi mkononi, kichwa wazi, nywele hazijachanwa. Gaudensia alikuwa anapepeta mtama. Mumewe, Mugeta, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini hata watu wote wakamwita Mwalimu, alikuwa anafunga waya kwenye mlango wa banda la kuku.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kuna msiba?" akauliza Gaudensia.

"Uhamiaji wa huko wamejibu. Nimesoma nikarudia, labda mimi ndiyo sielewi. Mwalimu, hebu nisomee."

Mugeta akapangusa mikono, akavaa miwani, akasoma polepole akiyageuza maneno kuwa Kiswahili. "Wanasema, katika picha zote thelathini na nane, mwombaji haonekani akitabasamu hata mara moja. Katika picha kumi na moja analia. Katika picha ya ishirini na tatu, mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha kijani anaonekana akimbana mkono kwa nguvu. Tunaomba maelezo: je, mwombaji aliingia katika ndoa hii kwa hiari yake? Na mwanamke huyo ni nani?"

"Wa makamo?" akasema Gaudensia. "Nani wa makamo?"

Mugeta akamalizia: wamepewa siku ishirini na moja kuleta maelezo au picha nyingine, zikipita hizo, ombi litaamuliwa kwa hayo yaliyopo. Akavua miwani. "Wanadhani umeozwa kwa nguvu. Tusiwalaumu, wako mabinti wanaozwaga kwa nguvu kweli, hata hapa kwetu."

"Nguvu gani! Mtu alikuwa anataka kucheka mpaka..." Gaudensia akakumbuka kwamba mwanaume yupo, akafunga mdomo.

Happyness aliketi juu ya kinu akaanza kulia. "Miezi kumi na minne, shangazi. Eliud akitoka kazini anapikaga ugali wake, na mimi napika wangu, tunaweka simu mezani tunaangaliana tukila. Nimechoka kula na simu."

Gaudensia alikisikiliza kilio hicho kwa masikio ya fundi. Kilio alichokuwa akiwafundisha mabinti kilishuka shavuni kwa utaratibu, tone moja moja. Hiki kilikuwa na makamasi, na bega moja lilipanda bila lingine. Hakuwa amemfundisha hiki. Moyo ukampasuka, na hapo hapo hofu ikamwingia: kama mtoto huyu hatamfikia mume wake, basi aliyemzuia si Mnorwei, ni yeye.

"Nawa uso," akamwambia. "Picha za kucheka zilikuwepo. Twende Bunda."

Studio ya Abdulnasir ilikuwa Bunda mjini, mlango wa pili kutoka kwa baba yake fundi cherehani. Alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alisimama alipowaona, akatoa stuli mbili, akaagiza soda kabla hajauliza wamekuja na lipi.

"Mwanangu," Gaudensia akaanza, "zile picha kumi na tisa za huyu, zile nilizokwambia uzitoe. Nazitaka."

Abdulnasir akamtazama, akamtazama Happyness, akarudi kwake. "Mama yangu, si ulikaa hapa hapa? Kwenye stuli hiyo hiyo. Ukaweka kidole kwenye kioo: hii toa, hii toa. Nikakuuliza nizitunze pembeni, ukasema futa kabisa, meno ya mtoto wangu yasije yakazunguka Bunda."

"Na wewe ukafuta?"

"Mteja akisema futa, nafuta. Picha ya mtu ni amana."

Hata hivyo alitafuta. Alifungua kompyuta, akatoa kadi za kamera kwenye kopo la majani ya chai, akazichomeka moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimeshapigiwa harusi nyingine juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe ni kitenge cha kijani. Gaudensia aliinama akatazama vidole vya miguu yake, jambo ambalo Abdulnasir hakuwa amewahi kuliona, na labda ndiyo sababu akamhurumia.

"Naweza kumwekea tabasamu," alisema. "Kwa kompyuta."

Akaichukua picha moja ya Happyness mlangoni mwa kanisa, akakata mdomo unaocheka wa bibi harusi mwingine wa mwezi uliopita, akaubandika. Wote watatu wakasogea kuangalia. Juu macho yalikuwa mekundu na machozi yanatiririka, chini meno thelathini na mawili. Alionekana kama mtu anayeng'olewa jino huku anasifiwa.

Happyness akaguna, akajizuia, kisha kicheko kikamtoka, kile cha tangu utotoni, mpaka akashika meza. Abdulnasir akacheka. Gaudensia peke yake hakucheka, alikuwa ameinama karibu na kioo, na akajisikia akisema, "Ongeza kidogo hapo kwenye macho, tuone."

"Hapana, shangazi." Happyness akafuta machozi ya kicheko. "Hao watu wameona mpaka vidole vyako. Meno ya mtu mwingine watashindwaje? Tukishikwa na uongo, mlango ndiyo umefungwa."

"Sasa tufanyeje?"

"Wameuliza huyo mwanamke ni nani. Si aseme mwenyewe?"

Rahisi kusema. Gaudensia alirudi Butiama na maneno hayo yakamkaa kichwani siku mbili nzima. Barua ilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Happyness asingeweza kujiandikia ushahidi wake mwenyewe. Padri aliweza, lakini padri ni mwanaume. Mwalimu Mugeta aliweza kuliko wote, naye ni mwanaume, tena wa humo humo ndani. Siri ya chumba cha kufundia ilikuwa imepita kutoka kwa shangazi hadi kwa shangazi tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na sasa yeye ndiye aitoe, tena kwa maandishi, tena kwa serikali ya watu. Usiku aliwaza mabinti wote aliowafunda, akaona kama wamejipanga mlangoni wanamsubiri. Asubuhi ya siku ya tatu akamwaza Happyness na simu yake mezani karibu na ugali. Akampelekea Mugeta kalamu na karatasi.

"Andika," akasema. "Mimi ndiye mwanamke wa picha ya ishirini na tatu. Naitwa Gaudensia, ni shangazi wa bibi harusi. Nilimfinya kwa sababu alikuwa anataka kucheka."

Mugeta akainua kichwa. "Ulimfinya?"

"Andika, Mwalimu. Maswali baadaye."

Akaandika. Gaudensia akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa barazani. "Kwetu binti akicheka siku hiyo anawaaibisha wazazi. Watu watasema amechoka kwao, alikuwa anashinda njaa. Kwa hiyo tunawafundishaga kulia. Siku mbili ndani. Wanafundishwa wote."

"Wote?"

"Wote. Machozi ni ya kuwaheshimu baba na mama. Hayasemi kitu juu ya mume."

Kalamu ilikwenda, ikafika mwisho wa mstari. Mugeta aliyasoma aliyoyaandika, akatikisa kichwa. "Haitoshi, Mama Jeska. Mtu akisoma hii atasema shangazi anajitetea. Shahidi anatoaga mfano. Nani alilia harusini na huku anamtaka mume wake? Watajiwe mtu halisi."

Gaudensia akaangalia nje. Kuku walikuwa wameingia kwenye mtama wake na hakuwafukuza.

"Mfano ni mimi," akasema. "Andika. Niliolewa mwaka themanini na sita. Nililia kwenye lori kutoka Murangi mpaka Butiama, watu wakatoka mashambani kuja kunitazama. Na moyoni nilikuwa na furaha mpaka nikajing'ata ulimi, ukatoka damu, nisije nikacheka. Kwa sababu yule mwanaume nilikuwa namtaka."

Kalamu ikasimama.

"Na hiyo ya mwisho niiandike?"

"Hiyo ndiyo kubwa. Andika."

Aliiandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko mistari yote iliyotangulia, na alipomaliza aliipulizia karatasi ingawa wino wa kalamu ile haukuhitaji kupuliziwa. Gaudensia akaweka sahihi yake, herufi moja moja. Alingoja yale maswali ya baadaye na hayakuja. Mugeta alichukua kofia yake akaenda zake kuangalia ng'ombe. Amekasirika, Gaudensia akajisemea. Mwanaume akigundua amefichwa jambo lazima anune. Akamwacha anune, maana barua ilikuwa ya kuwahi steshenari ikachapwe na kutumwa, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na tano.

Wakaanza kungoja. Wiki ya kwanza Gaudensia aliota mara mbili kwamba Wanorwei wamekuja Butiama kumkamata, wamevaa makoti ya mvua. Wiki ya tatu aliapa hatafunda tena mtu. Wiki ya sita, saa nne asubuhi, yuko shambani anapalilia mihogo, simu ikalia kiunoni.

"Wamekubali! Shangazi, wamekubali!" Kisha maneno yakakatika, kukabaki kicheko tu. Nyuma yake kulisikika sauti za wateja wa duka la dawa, waliokuja na malaria zao, nao wakicheka bila kujua wanacheka nini.

Gaudensia akatupa jembe. Akapiga vigelegele peke yake katikati ya mihogo, akavirudia, akavirudia tena, mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua. Alipoambiwa ni viza akasema basi ni yale yale, na yeye akapiga.

Jumapili watu walikusanyika Murangi kwa kaka yake Clementi. Palipikwa sato, palipikwa wali, dagaa wa kukaanga wakawekwa kwenye sinia kubwa. Simu yenye uso wa Eliud iliwekewa kiti chake mezani, ikasogezewa sahani, na kila aliyepita aliisalimu kwanza. Eliud alikuwa amevaa shati la harusi. Alijaribu kutoa hotuba, akasema "Shangazi," akashindwa kuendelea, akafuta macho kwa mkono wa shati. Gaudensia akamwambia mwanaume halii, halafu akalia yeye.

Habari ya barua ikatembea, kama zinavyotembea habari. Gaudensia alikuwa ameshajiandaa kutukanwa. Badala yake akaja mama mmoja kutoka Nyamuswa, anaoza binti kwa kijana aliyeko ng'ambo, akanong'ona mlangoni: je, inawezekana binti alie kama kawaida, lakini apigwe pia picha tatu za meno? Gaudensia akafikiri. Akasema inawezekana, ila zipigwe nyuma ya nyumba, mbele ya mashahidi wawili wanawake. Kile kiapo cha wiki ya tatu hakikutajwa tena na mtu yeyote.

Siku ya safari Happyness alipanda basi Musoma, na Gaudensia na Mugeta wakamsubiri Bunda ili wamwone linapopita kwenda Mwanza, kwenye ndege. Basi lilisimama dakika tano. Happyness alitoa kichwa dirishani na mikono yote miwili, anacheka, anaita majina, anamcheka kondakta, anamcheka Mugeta kwa kuvaa tai. Wakwe walikuwepo stendi, wanatazama. Gaudensia akawatazama wao, akamtazama mtoto, akacheka na yeye kwa sauti kubwa. Basi likaondoka na kicheko hicho mpaka likakata kona.

Walikuwa na njaa. Wakaingia kwenye hoteli ndogo nyuma ya stendi, wakaagiza ugali na sato mmoja wa kuchangia. Sahani ilipoletwa Mugeta alinawa mikono, akaiweka juu ya meza, hakuanza kula.

"Mama Jeska. Ile ya ulimi."

"Ulimi gani?"

"Ya kwenye barua. Kwamba ulijing'ata. Ilikuwa kweli, au ilikuwa ya kuwapa Wazungu?"

Gaudensia alitaka kutania. Akaona ile mikono imetulia juu ya meza, mikono ya mtu anayengojea matokeo ya mtihani.

"Ilikuwa kweli tupu. Kwa nini?"

"Mimi nilikaa mbele kwenye lile lori, kwa dereva. Nilikusikia ukilia njia nzima. Nikajiambia, Mugeta, umemchukua mtoto wa watu kwa sababu baba yako ana ng'ombe, yeye hakutaki." Alisema taratibu, macho kwenye samaki. "Sikuuliza, niliogopa jibu. Nikasema nitamfanyia wema, kidogo kidogo, labda iko siku atanipenda. Ile baiskeli niliiuza nikakununulia cherehani, nikawa naenda shuleni kwa miguu. Chai ya asubuhi nakupikiaga mwenyewe mpaka leo. Ulidhani ni tabia yangu. Gaudensia, mimi nimekuwa nakutongoza miaka thelathini na minane."

Alikuwa hajamwita jina hilo tangu mtoto wao Jeska azaliwe. Gaudensia alimkasirikia shangazi yake marehemu aliyemfinya siku ile, akajikasirikia mwenyewe, akawaza waume wangapi kati ya Nyamuswa na Murangi ambao mpaka leo hawajui kwamba walipendwa. Na juu ya hasira hiyo ikapanda furaha, ikaipita. Machozi yakamtoka, na kicheko kikatoka pamoja nayo, kamasi pia, bila utaratibu wowote. Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Basi sasa nimejua," alisema Mugeta, akianza kutabasamu. "Kumbe ulishanikubali tangu mwanzo. Nadhani naweza kupumzika."

"Upumzike? Nani kakwambia?" Gaudensia akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Hayo ya kwenye barua ni ya Norwei. Hapa Bunda mimi bado nafikiria."

Mugeta akainua mkono, akamwita mhudumu, akaagiza sato mwingine, mkubwa kuliko yule wa kwanza.